Mbao za Mkunazi Zinazogonga

Babu yangu mpenzi,

Shikamoo. Ulinifundisha kuwa salamu hutangulia, hata kwa asiyeweza kuitikia.

Nakuandikia kutoka bandani kwako hapa Ibra, kando ya mbao zako. Unakumbuka wadi, lile bonde kavu la mafuriko, iliposhuka kwa nguvu, ikalitupa gogo la mkunazi kwenye ukuta wa shamba letu? Watu waliogopa kuligusa. Walisema mkunazi mkubwa vile hauhami peke yake, huhama na wenyewe, majini wanaokaa ndani yake. Wewe ulilisalimia, ukangoja siku tatu, ndipo ukamwita mtu wa msumeno wa mashine alipasue mbao.

"Unamwamkia nani, Babu?" nikakuuliza.

"Nisiyemwona. Adabu haina hasara."

Tulizipanga mbao pamoja, vijiti katikati ili upepo upite, ncha tukazipaka rangi zisipasuke. Kila Ijumaa ulipima ubao ule ule mmoja kwenye mzani wa tende, nami nikaandika uzito ubavuni mwake kwa penseli. Ulisema, "Ubao ukiacha kupungua uzito, umekauka. Hapo nitakuchongea meza ya kusomea. Kabla ya hapo usiniharakishe."

Babu, tangu tukuzike mbao zinagonga. Ko. Kimya. Ko, ko. Mwalimu wa sayansi amenieleza kwamba mti unaokauka husinyaa, na huweza kulia. Namwamini. Lakini mbona zinagonga saa ile uliyokuwa ukirudi kutoka kusali alasiri? Bibi akisikia huitikia, "Karibu, mlango wazi," kisha humimina kahawa vikombe viwili.

Wiki iliyopita Ami Nasor alikuja na pikapu kutoka Mudhaibi.

"Leo naziondoa, zikawe kuni," akasema. "Mama, mimi mtu mzima, siwezi kunywa chai hapa bila kushtuka."

"Basi kunywa maji," Bibi akamjibu.

Nilimwomba Ami tupime kwanza. Mimi sikuwa nimepima tangu Ijumaa ya kwanza baada ya maziko, moyo haukuniruhusu tena. Tukauchomoa ubao, yeye ncha moja, mimi nyingine. Chini ya namba yangu ya Ijumaa ile palikuwa na namba nyingine, ya uzito mdogo kidogo, kwa mwandiko wako unaolalia kushoto. Bibi aliapa hajaingia bandani. Ufunguo ninao mimi.

Tukauweka ubao mzanini. Uzito ulikuwa ule ule wa namba yako, haukupungua hata chembe.

Sijui niogope au nifurahi, Babu. Naona haya kukuambia kwamba nafurahi zaidi. Kama hukuwa wewe, basi ni nani anayetaka nipate meza yangu?

Ami aliuzungusha ubao polepole, akaupapasa kwa kiganja. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kama mtu aliye msikitini, "Meza unaitaka urefu gani?"

Tunaanza kukata kesho. Mungu akupe raha huko uliko, nasi atupe subira yako.

Mjukuu wako akupendaye.