Darasa Lililokuja Nyumbani Kwetu

Kiponda, Unguja
Machi 1970

Kaka yangu mpenzi Amour,

Nakuamkia shikamoo ya mbali, na natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Wanu na watoto, na kwamba baridi ya huko bara imeacha kuwasumbua vifua. Sisi huku, alhamdulillahi, hatujambo. Mama hajambo sana. Mguu wake umetulia, anakwenda sokoni mwenyewe na anarudi na maneno ya mji mzima. Kila akimaliza kusali anakuombea dua wewe kabla yangu mimi, jambo ambalo nshalizoea.

Kaka, nina habari nyingi mpaka kalamu inanikimbia, kwa hiyo utanisamehe mwandiko.

Unajua kwamba nasomesha mekanika, hesabu za nguvu na mizigo, hapa chuoni, darasa la wale vijana ambao wakifaulu mtihani wa mwaka wa kwanza wa uinjinia hupokelewa mwaka wa pili huko bara unakosomesha wewe. Nilikuwa nawasomesha vile vile ulivyonisomesha wewe, na ulivyosomeshwa wewe na waliokutangulia. Naandika ubaoni, wananakili, nafuta, naandika tena. Darasa lilikuwa kimya kabisa na mimi nikijisifu kwa kimya kile. Kundi la mwanzo likaanguka karibu lote. Mkuu wetu wa chuo, Mzee Jecha, akaniita akaniambia bila ya kuficha kwamba wakubwa wameanza kuuliza maswali, na kwamba kundi hili nalo likianguka darasa litafungwa, vijana wagawiwe kazi za makarani.

Basi siku moja nilikuwa nafanya ubaoni lile swali la ngazi iliyoegemezwa ukutani. Nilipomaliza, akanyanyua mkono Mwanamwema, msichana wa Makunduchi ambaye siku zote hukaa nyuma wala hasemi. Akauliza, mtu akiipanda ngazi hiyo, itakuwa karibu zaidi kuteleza akiwa chini au akifika juu? Nikaligeuzia darasa zima swali lake. Kaka, hakuna aliyejua! Na ni wale wale waliokwishapata alama nzuri kwa swali lile. Mmoja wao, Borafya, akanisomea fomula yote toka mwanzo hadi mwisho bila ya kukwama. Nikamuuliza tena, haya, chini au juu? Akanitazama kama aliyeulizwa kwa Kichina.

Nikaiweka chaki. Nikamwomba mtunza ghala ngazi ya kweli, nikaiegemeza ukutani mle mle darasani, tukatandika magunia ya usumba wa nazi chini yake. Nikawaambia kila mtu aandike jibu lake, kisha amgeukie jirani yake ambishie mpaka mmoja wao akubali. Hapo tena ungesikia! Watu waliokuwa hawakohoi darasani wakawa wanapigiana kelele juu ya msuguano. Usi, yule kijana mwembamba wa Mkokotoni, aliapa kwamba ni chini, na kwa kuwa aliapa akaambiwa apande yeye. Akapanda. Chini ngazi haikutikisika. Alipokaribia juu ngazi ikachomoka kwenye saruji, Usi akatua kwenye magunia kwa kishindo, akainuka anacheka na kupiga kelele, "Ni juu! Nimekosea, ni juu!" Sijapata kuona mtu akifurahia kukosea namna ile.

Mlangoni alikuwa amesimama Mzee Jecha.

"Mwalimu Thuwaiba," akaniambia, "hiki ni chuo au uwanja wa ngoma?"

Yeye akaitazama ngazi, akawatazama vijana, kisha akauliza imeteleza kwa nini. Wakamjibu wote kwa pamoja, mpaka ikabidi anyanyue mikono miwili kuomba amani. Akaondoka. Kesho yake akaja na kiti chake akakaa nyuma, na tangu hapo hubahatisha majibu pamoja na wanafunzi, na mara nyingi hukosea, wala haoni haya.

Basi ndivyo tulivyoendelea. Kwanza wanakisia, halafu wanabishana, halafu tunajaribu kwa kitu cha kushikika. Fomula inakuja mwisho, na ikija wanaipokea kwa mikono miwili maana wanajua inajibu nini. Usidhani mambo yalikuwa mepesi. Baba yake Borafya alikuja chuoni kulalamika kwamba mwanawe haandikishwi notsi, atafaulu kwa kitu gani? Na mimi mwenyewe zilikuwapo asubuhi nilizoingia darasani nimezikumbatia notsi zako, niko tayari kurudi nyuma. Nikiwaona wameshaanza kubishana kabla sijafika, naziweka chini.

Wiki iliyopita matokeo yalitoka. Kaka, wamefaulu! Wamefaulu wote isipokuwa Borafya, aliyekosa kidogo na ameruhusiwa kuurudia mtihani, na Usi anamfuata mpaka kwao Kikwajuni kumbishia. Mwanamwema ndiye wa kwanza. Mzee Jecha aliyasoma majina uani mbele ya chuo kizima, alipofika katikati akajitia kusafisha miwani. Darasa halifungwi. Mwaka ujao wakubwa wanataka masomo yote ya mekanika yafundishwe hivi, na mimi ndiye niwaonyeshe walimu wenzangu. Nilirudi nyumbani mbio mpaka kiatu kikanivuka mguuni pale Darajani.

Sasa nivute pumzi, kwa sababu liko jambo ambalo sikukuandikia, na nimeona lazima ulisikie kwangu.

Kabla ya mtihani nililileta darasa hapa nyumbani. Nilitaka wajionee dari za kweli, wajue kwa nini vyumba vya mji huu ni vyembamba, kwamba boriti za mikoko hazipatikani ndefu kuliko hivi. Mama akawamiminia kahawa, wakagawana vyumba, kila kundi lipime dari ya chumba chake na kuhesabu mzigo inaoubeba. Makundi mengine yakamaliza yakaja kukaa ukumbini. Waliopewa chumba cha Mama wakakawia. Halafu akaja Mwanamwema, akaniinamia sikioni akaniuliza, "Mwalimu, kile chumba analala nani?"

Walikuwa wamevuta uzi toka ukuta mmoja hadi wa pili, wakaona boriti zimeshuka katikati. Wakapanda juu ya paa kutafuta sababu, wakalikuta tangi la saruji, limejaa maji, limekaa katikati hasa. Nikachukua karatasi nikayafanya mahesabu yao upya, natafuta walipokosea. Hawakukosea. Nikapanda juu ya kitanda cha Mama, nikaipapasa boriti ya kati, kidole kikaingia ndani ya ufa.

Ni tangi lako, Kaka. Lile ulilojenga likizo ile, ili Mama asipandishe maji kwa ndoo. Mimi na wewe tukiulizwa ubaoni mzigo ukikaa wapi boriti huelemewa zaidi, tutajibu katikati kabla swali halijamalizika. Na wewe uliliweka katikati, na mimi nilikuwa pale pale nimekushikia ndoo ya saruji. Miaka yote hii Mama alikuwa analala chini yake.

Wanafunzi walijipanga ngazini wakapokezana ndoo mpaka tangi likawa tupu jioni ile ile. Kesho yake fundi Muhiddin akalivunja, akatia boriti mpya. Sikukuomba ruhusa. Uliniambia nyumba isiguswe mpaka uje, na niliogopa nikikuandikia utanijibu nisubiri. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, lakini nisingeweza kusubiri.

Mama nilimweleza yote. Akaniambia, "Amour alinihurumia kupanda ngazi na maji. Mwambie huruma yake naiona mpaka leo, lakini aisogeze ukutani."

Wanafunzi wameniuliza sana nani aliyelijenga tangi lile. Nimewaambia ni mtu anayempenda Mama, basi. Tangi jipya bado hatujalijenga. Wao wana mahesabu yao, na mimi nimewaambia wangoje, yuko mtu wa kubishana naye atakuja. Njoo likizo hii, Kaka. Uwaambie mwenyewe kwamba ni wewe, wakuulize watakavyo. Najua si jepesi kwako, lakini hawatakucheka. Hawa ndio watakaokaa mbele yako huko bara mwaka ujao, na ningependa wakukute umeshazoea kelele zao.

Mama anakusalimu mara nyingi, na anamwambia wifi Wanu kwamba viungo vya pilau alivyoagiza vimeshafungwa. Wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Jirani zetu wote wanakuuliza. Mungu akulinde na akulete salama.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Thuwaiba

Nyongeza: Mama amehamia chumbani kwako na amekataa kurudi, anasema kitanda chako kina upepo. Ukija utalala ukumbini.