Mapovu ya Mwenye Cheti

Dada Kiberiti,

Viatu ulivyotuma vinanibana lakini nimevivaa. Sasa sikia la gereji! Kaja fundi mwenye cheti, bosi haishi kumsifu. Juzi alijaza maji kwenye rejeta akafunga, gari likachemsha: kaacha hewa ndani! Alipoenda kula, nikalisubiri lipoe, nikaliinua pua, nikafungua kifuniko, nikaliwasha na hita juu kabisa, nikaminya mpira wa maji mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Likatulia. Bosi akaniambia, "Ona mkono wa msomi! Wewe wa kuokoteza ufundi, jifunze." Naye fundi akatabasamu tu, dada! Niliona wivu.

Leo karudia kosa lilelile kwenye gari la nesi, anayesafiri nalo mbali saa kumi. Nimesikia maji yakibubujika nyuma ya dashibodi. Nikitoa hewa, sifa ni zake. Nikisema, wataniita mwenye wivu, na kweli ninao. Nikinyamaza, ataumbuka, ila injini ya nesi itaungua njiani.

Najua barua itakufikia yamekwisha. Lakini kifuniko kiko mkononi mwangu sasa hivi.

Ni mimi mdogo wako, mwenye grisi hadi masikioni. Ungekuwa wewe, ungefanyaje?