Sekunde Nne za Uani

Jumatano, 5 Novemba
Kabla ya zamu nimepanda tena paa la ghorofa tunalolinda, Al Thumama, mtaa wa mji huu wa Kiarabu. Nimenasa kwa simu mabasi ya wafanyakazi, mfagiaji, njiwa wakitua ukutani kwa jirani. Filamu yangu ya mji haina sauti, kama zile za zamani, alfajiri hadi jioni bila neno. Inanifaa. Mlinzi hushinda saa kumi na mbili bila kuongea. Maandishi ya kuweka katikati ya picha nayaandika kwa kalamu nene kwenye maboksi ya maji.

Ijumaa, 7 Novemba
Mesaimeer, kwenye makanisa, baada ya ibada. Nimewaonyesha Wakenya wenzangu filamu. Wamejiona kwenye mabasi, wamecheka. Wafula, ninayelala naye chumba kimoja, ameiomba. Nimemtumia, kichwa kimevimba kwa sifa.

Achieng, nesi, hakucheka. Alirudisha nyuma, akasimamisha pale pa njiwa. "Huyu mama wa chini, uani, hajajifunika kichwa. Umempiga video kwake ndani. Futa hii kitu saa hii."

Mimi niliona njiwa tu. Sekunde nne. Hapa mtu hufungwa kwa hilo, kisha akarudishwa kwao.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimefuta yote. Wafula alikuwa ameshaiweka status. Naye amefuta, lakini kati ya walioiona yumo dereva wa nyumba ya yule mama.

Naogopa. Chakula hakipiti.

Jumapili, 9 Novemba
Kila gari likipunguza mwendo langoni, narudi nyuma ya kibanda.

Jumatatu, 10 Novemba
Wafula ameitwa ofisini kwa kampuni, aende na simu yake. Supavaiza ameniuliza kama namjua aliyepiga ile video. Nimesema simjui. Nilijibu haraka mno. Najichukia.

Jumanne, 11 Novemba
Wafula hajarudi. Achieng amepata habari: bado wanamhoji, na hajamtaja mtu. Anasema alitumiwa tu, hakumbuki na nani. Ana mtoto wa miezi mitatu Bungoma, hajawahi kumbeba. Mimi nina mama tu. Nimeliandika hilo "tu" nikaona aibu.

Jumatano, 12 Novemba
Nimenyoa ndevu, nikapiga pasi shati. Nimemwandikia mama kwamba huenda nisipatikane siku kadhaa, asihangaike.

Ofisi hufunguliwa saa moja. Nilifika mapema. Karani wa mapokezi ameniuliza nina shida gani. Nimemwambia ile video ni yangu, Wafula hana kosa.

Amesema nikae. Naandika nikiwa kwenye benchi. Chai aliyonipa nimeimaliza.