Shukrani za Shadi

Mpendwa Mama,

Shadi anakusalimu. Amesema nisisahau kukuambia kwamba amenunua mkokoteni wake mwenyewe, ni wa kijani, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuusukuma. Hata mimi dadake nimekatazwa.

Unakumbuka ulivyomfundisha kushukuru? Kila Jumapili, wakati wa ushuhuda, mwanao mkubwa alisimama mbele ya kanisa letu la Huruma akataja kila alichotendewa wiki nzima na jina la aliyemtendea. Chapati ya Mama Brayo. Soda ya mchungaji. Mimi nilikuwa nainamisha kichwa nikiomba ardhi inimeze. Nilipokusihi umfupishie, ulinijibu, "Mwache. Akili yake inaenda polepole, lakini haipotezi kitu." Nilidhani unamtetea tu.

Ulipotuacha, kazi ilikuwa imenishika Nakuru, basi nikamwomba binamu yetu Tobi akae na Shadi, ampikie na amsaidie na simu, kwa kuwa malipo yake ya kubeba maji huingia humo. Nilimwamini, Mama. Kila nikipiga, Tobi alisema, "Usijali, sister, ako sawa. Pesa ya mkokoteni namwekea."

Nilipokuja Pasaka, nikakuta Shadi haendi tena kanisani. Eti anachoka. Nikamvalisha koti, tukaenda wote watatu, Tobi na viatu vipya vinavyong'aa. Wakati wa ushuhuda Shadi akasimama. Alikuwa na shukrani za miezi mitano.

"Namshukuru Mungu juu ya Tobi. Ananishikia namba yangu ya siri. Amenunua viatu na pesa yangu. Amenunua TV, iko kwa girlfriend yake. Mimi alininunulia mandazi mbili. Asante, Tobi. Mungu akubariki."

Kanisa zima likaitikia "Amina!" kwa mazoea, kisha macho yote yakashukia viatu vya Tobi.

"Wee Shadi, kaa chini bana," Tobi akanong'ona.

"Bado. Kuna ya Jumatano."

Nilicheka huku nalia. Wenzako wa kikundi cha akina mama hawakucheka. Walimngoja Tobi mlangoni, na Mama Brayo akamuuliza, "Kijana, hiyo TV inarudi leo ama tunaifuata?" Ilirudi kabla ya chai ya saa kumi, tukaiuza. Viatu alivivua palepale, akaenda zake na soksi.

Aibu niliyoona siku ile ilikuwa yangu mimi. Nilimkabidhi ndugu yangu kwa mtu, nikaridhika na salamu za simu.

Sasa Shadi anaishi mlango wa pili kutoka kwa Mama Brayo. Namba mpya ya siri aliichagua mwenyewe, na nilipomdadisi akaniambia, "Hata wewe sikuambii." Kila mwisho wa mwezi tunaketi watatu, mimi, Mama Brayo na yeye katikati, tunasoma jumbe zote za pesa kwa sauti. Yeye ndiye anayesema tumemaliza.

Jumapili iliyopita alisimama tena. "Namshukuru Mungu juu ya dada yangu. Hajachukua kitu yangu." Nikaanza kutabasamu. "Isipokuwa mia mbili ya fare. Alisema atarudisha kesho. Kesho imepita."

Nilimrudishia hapohapo, Mama, watu wote wakinitazama. Aliitazama ile noti pande zote mbili, akaitia mfukoni, kisha akanishukuru kwa jina.

Pumzika bila wasiwasi. Hajapoteza kitu.

Ni mimi kitindamimba wako, nisiye na deni