Roketi ya Koti Tisa

Jumanne, 1 Aprili 1975

Msasa hakuna. Katwe nzima! Nimezunguka duka hadi duka tangu saa mbili asubuhi. Rafu tupu, na nyuma ya kaunta mtu asiyejua bei ya kitu chochote anakula njugu. Mwishowe Okullo, seremala wetu pale karakana, amenikatia kipande cha karatasi yake, ukubwa wa kiganja. Nashukuru. Lakini alicheka! Eti mtu wa miaka arobaini na mitatu, fundi polishi mzima, mchana anang'arisha makabati ya watu, jioni anarudi Kawempe kucheza na bomba la karatasi stoo.

Sichezi.

Bomba la roketi yangu ni lile gumu linalokaa katikati ya jora la kitambaa. Mapezi matatu nimeyakata kwenye mbao nyembamba za sanduku la majani ya chai. Pua nimeichonga kwa kisu, siku kumi na moja. Na injini ni moja tu. Ya mwisho! Yule mwalimu wa sayansi, Mhindi niliyempigia polishi meza za maabara, aliniachia tisa ndani ya sanduku la viatu siku Wahindi walipofukuzwa nchini. Vitu vya kiwandani, kila kimoja urefu wa kidole. Nane nilizirusha mashambani, enzi watu hawajaanza kuogopa hata mlio wa pancha. Hii ya tisa nimeitunza miaka miwili. Ikiruka, basi, sina tena. Roketi za zile nane nilizipaka rangi mara moja tu, haraka haraka, na sikuwahi kuziona vizuri angani. Hii nitaifanyia kazi kama kazi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mende!! Dawa ya kuziba vinyweleo vya mbao haipatikani, nikajitia ujanja, nikaziba kwa uji wa wanga wa muhogo. Ulikauka vizuri, laini kama uso wa mtoto. Leo nafungua stoo — pezi moja limeliwa ukingo wote. Wamenila mimi! Nimewaua saba kwa kandambili. Mke wangu Nusura akauliza kutoka jikoni napigana na nani. Badala ya kunionea huruma, akasema wanga ule alikuwa ameuweka wa sare za shule za watoto.

Nimekata pezi jipya. Sasa ni selaki peke yake, ile vanishi ya spiriti.

Jumamosi, 5 Aprili

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Umar, shemeji yangu, mdogo wake Nusura, anaendesha gari la Kepteni mmoja. Jina la huyo Kepteni siandiki humu. Wiki iliyopita Umar alikula kwetu, akaiona roketi, akaenda kutapika habari kwa bosi wake! Alidhani ni kitu cha kuchekesha njiani. Leo saa tisa Land Rover imesimama mlangoni. Majirani wote wakaingia ndani na kufunga madirisha.

Nilijua nimekwisha. Nilikuwa nimeshika brashi, nikaendelea kuipangusa ingawa ilikuwa safi.

Kepteni akainama, akaingia stoo, akaishika roketi. Akaigeuza. Akauliza kwa Kiswahili chao cha kambini, "Wewe fundi, hii kitu naruka?"

Nikasema inaruka, afande, ni ya kuchezea tu.

"Napanda mpaka wapi?"

Nikasema juu kuliko mti wowote. Na nikajiuma ulimi. Majivuno! Uso wake ukafunguka. Akasema anapandishwa cheo, anakuwa Meja. Tarehe ishirini na saba wageni wanakuja kwake Kololo. "Yeye naruka mbele ya wageni. Na wewe naandika jina yangu hapa. Kubwa. Ya dhahabu."

Hakuomba. Hakuuliza kama nauza. Akatoka, na Umar akanikonyeza kama mtu aliyenitafutia kazi serikalini.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua siku nne. Vanishi haikauki, inafanya ukungu mweupe kama jicho la mzee. Nasugua kwa kile kipande cha Okullo, narudia. Koti ya nne, yaani mpako wa nne, leo asubuhi ilitoka safi kabisa. Safi! Niliisimamisha juani kwenye kigoda, nikakaa kuilinda dhidi ya nzi.

Akaja Kepteni. Anapita tu, eti. Akaweka kidole gumba juu ya vanishi mbichi. Akakibonyeza. "Bado maji maji," akasema, akafuta kidole kwenye mlango wangu.

Nikasema ndiyo, afande.

Ndiyo afande! Ningekuwa karakana na mteja wa kawaida, ningemfukuza kwa fimbo. Umar akanong'ona kwamba tucheke kidogo, Kepteni anapenda watu wanaocheka. Nikacheka. Mimi, Hamdun, nilicheka. Alama ya gumba imekauka pale pale, mistari yote inaonekana. Kesho nasugua koti nzima, naanza upya.

Jumamosi, 19 Aprili

Koti ya saba. Nusura anasema imetosha tangu ya tatu. Yeye anajua nini? Tangu nianze kazi sijawahi kutoa kitu mkononi mwangu na koti chini ya tisa. Meza, kitanda, jeneza, yote ni tisa. Okullo anapiga nne na kuita kazi, ndiyo maana makabati yake yanababuka.

Umar ameleta kilo mbili za sukari na miche mitatu ya sabuni kutoka kwa bosi. Nilimwambia avirudishe. Nusura akavipokea mbele yangu! Akasema, "Mzee, tangu sikukuu ya Idi watoto wanakunywa chai ya rangi na chumvi. Hasira yako haikorogeki kwenye kikombe." Tumegombana hadi jirani akakohoa. Nimekataa kunywa chai hiyo. Baadaye nimekunywa. Tamu, na nimeichukia kila funda.

Jumatano, 23 Aprili

Koti ya tisa, na jina juu yake. MEJA na lile jina refu lote, upande mmoja, toka shingoni hadi kwenye mapezi. Kila herufi mara tatu kwa rangi ya dhahabu ya mafuta. Nimuandikie vibaya? Mkono wangu haujui kuandika vibaya. Ni kazi nzuri kuliko yoyote niliyowahi kufanya, na ina jina lake. Nilitaka kuitupa ukutani.

Alhamisi, 24 Aprili

Mimi ni mjinga. Niandike tena. Mjinga!

Leo niliiinua kwa vidole viwili kuipeleka juani. Ikaning'inia nzito kama mchi. Nikafungua kifuniko cha sanduku la viatu, maandishi ya mwalimu yapo hapo miaka yote, nayajua kwa moyo: pamoja na injini, isizidi gramu mia moja na ishirini. Zile nane zilikuwa na mpako mmoja tu wa rangi, sikuwahi kupima hata moja.

Nikaifunga kwenye gazeti, nikaenda Bwaise kwa mama Mbambu, yule Mkongo anayeuza samaki wakavu na chumvi. Ana mizani ndogo. Aliiweka, akaongeza jiwe, akaongeza jingine.

"Papa Hamdun, hii kintu yako iko na mia moja makumi tisa. Ulilishaka nini?"

Nililisha vanishi! Karatasi, mbao na injini kwa pamoja havifiki gramu tisini. Zilizobaki zote ni mimi — koti zangu, tisa, ambazo hakuna aliyeniomba.

Ikiwashwa hivi itafika kwenye paa la nyumba, itachoka, itageuza pua na kurudi chini ikiwaka. Chini kuna viti. Wageni, wake zao, watoto wao wamewekwa mbele ili waone. Na hata isipomuunguza mtu, fundi aliyeaibisha mkubwa mbele ya wakubwa wenzake haulizwi gramu.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimemwambia Umar amweleze Kepteni haitaruka. Umar akasimama kabisa katikati ya ua. "Banange, shemeji! Mpishi alisema tu nyama haitatosha wageni. Tangu Jumatatu hatujamwona." Nikasema basi, mwambie mimi ni mgonjwa. Akasema watanibeba na kitanda.

Ndiye aliyeniingiza humu, na sasa analia uani kwangu! Nilimshika shati. Kisha nikamwachia. Mdomo wake ulinileta hapa, lakini uzito si wake.

Spiriti ingeyeyusha selaki, ila italainisha karatasi na bomba litakunjamana. Lazima kusugua. Kipande cha msasa cha Okullo kimebaki upara, hakikwaruzi hata ukucha.

Jumamosi, 26 Aprili

Nusura ametoka alfajiri bila kusema. Amerudi na kikapu cha majani ya luwawu, yale makavu yenye kukwaruza ambayo bibi yake alikuwa akisugulia vibuyu. Nilimuuliza nani kamwambia. Akasema anayo macho.

Nasugua. Koti ya tisa imekwenda. Ya nane. Vumbi puani, vumbi kwenye chai. Kazi ya wiki tatu natoa kwa mkono ule ule uliopaka, na kila koti inapotoka naona ilivyokuwa nzuri. Natukana. Natukana kwa Kiswahili, kwa Kiganda, na maneno mawili niliyojifunza kwa yule mwalimu.

Nimeacha upande wa jina. Upande huo siugusi.

Jumapili, 27 Aprili

Saa nne asubuhi. Gari linakuja saa sita. Mama Mbambu ameniazima mizani. Mia moja thelathini na mbili. Upande wa nyuma ni karatasi tupu, haina hata koti moja.

Nimeining'iniza kwa uzi, imelala. Kila ikitulia, jina liko chini. Nimeizungusha mara sita. Mara sita, jina chini. Koti zote tisa bado ziko chini ya zile herufi, upande mmoja tu. Ikiruka hivi haitapanda wima. Italala na kuwafuata waliokaa.

Nimemwambia Nusura yote, mizani, uzi, viti. Nilidhani atapiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu, watoto wa wageni watakaa wapi. Nikasema mbele. Akachagua jani zuri kikapuni, akakaa kwenye kigoda, akaanza na herufi ya M.

Saa tano kasoro. Naandika kwa kuwa mkono umechoka kusugua na Nusura amekataa kuniachia jani. MEJA imekwisha, na sehemu kubwa ya jina. Mizani — mia moja ishirini na moja. Kwenye uzi haichagui tena sana upande. Itaruka! Nina hakika itaruka, itapanda wima kabisa juu ya Kololo, na haitakuwa na jina la mtu yeyote.

Honi. Wamekuja mapema.

Umar amechungulia dirishani. Amejishika kichwa. "Shemeji, jina liko wapi? Dada, jina liko wapi?" Nusura amemjibu bila kuinua uso kwamba awaambie wangoje, fundi bado yuko kazini. Umar hajaondoka. Anatazama nyuma, kwenye gari.

Zimebaki herufi mbili. Honi tena, ndefu. Nasikia mlango wa gari, na buti kwenye changarawe, si za Umar.

Nimemwambia Nusura aache, anipe jani, akanawe haraka, akae jikoni na watoto. Wakiuliza, ni mimi peke yangu niliyelitoa jina. Hakuwepo. Hakujua.

Amenyoosha mikono yake nione. Dhahabu imeingia hadi ndani ya kucha.