Wa Mwisho Ndiye Anayepanga Umbali

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limebandikwa mlangoni kwa kinyozi. Mbio za mtaa ni Jumapili: mita 1,340, kutoka tanuri la mkate hadi geti la gereji. 1,340! Nani duniani anakimbia umbali huo? Kaupanga mwokaji mikate. Mwaka jana alikuwa wa mwisho, na sheria yetu ndiyo hiyo: anayefika mwisho anapanga umbali wa mwaka unaofuata. Kinyozi, mwamuzi wetu, anasema ni kuwafariji wanyonge. Haya.

Mimi nimekuwa wa pili mara tatu mfululizo. Zote nyuma ya wifi yangu, mwalimu wa michezo. Leo kapita karakana nikigongelea kitambaa kwenye kochi la mteja, akauliza kama nimeshauzoea mgongo wake. Nikacheka na misumari mdomoni.

Jumatano, 5 Machi

Mchana kutwa hesabu kichwani, sindano mkononi. Mita 900. Mita 1,200. Sasa 1,340. Mbona kila mwaka fupi? Kwa sababu wa mwisho siku zote ni mtu asiyependa kukimbia! Atapanga mbio ndefu ili iweje? Na fupi ni za wifi, ana miguu ya kuchomoka. Mimi nachelewa kupata moto. Nikishapata, sizimi. Kila alfajiri nakimbia hadi machimbo ya mawe na kurudi, kilomita kumi na moja, na bado nabeba kochi peke yangu. Nani kaniona? Hakuna.

Dawa ni moja. Jumapili niwe wa mwisho. Mwakani: kumi na moja.

Moyo unadunda kama nimeiba kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia mume wangu. Kaweka kijiko chini, kauliza: Yaani mimi, niliyeanza na sindano ya kuazima na leo nina mafundi wanne, niingie gereji nyuma ya mwokaji, mbele ya wateja wangu wote? Nikamjibu: aibu ya siku moja nimeshaipigia hesabu, inalipa. Kacheka mpaka kapaliwa. Kaapa hatamwambia mtu.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nimekaa chini, barabarani, hatua chache kabla ya mstari wa kumalizia. Mume wangu kaniletea daftari hili na chupa ya chai. Simsemeshi. Kamwambia dada yake!

Ilikuwa hivi. Filimbi ikalia, nikaanza polepole, nikajishika mbavu kama nimepata kichomi. Mwokaji akanipita, akanipa pole. Wote wakanipita. Raha tupu. Nikageuka kuhakikisha — wifi yuko nyuma yangu, anatembea, mikono mgongoni kama mkaguzi wa shule. Nikapunguza. Akapunguza. Nikasimama kutoa kijiwe kiatuni. Naye akasimama kuangalia mawingu. Huko mbele kelele: mwokaji kashinda, mara ya kwanza maishani mwake, wamembeba juu juu.

Tumebaki wawili. Tumekaa. Kinyozi kaja, hajui aanzie wapi. Sheria haisemi lolote kuhusu watu wanaogombea mkia. Mteja wangu wa makochi sita kauliza kama naumwa. Nimemwambia niko kazini.

"Vuka, wifi," nikasema. "Si wewe bingwa?"

"Tangulia wewe. Wakubwa kwanza."

"Mkubwa ni wewe."

"Leo nimekuachia ukubwa."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Miaka mitatu ananionyesha mgongo, na leo hathubutu kunitangulia hata hatua moja. Ananiogopa! Nimeliona hilo, na yeye kaona kwamba nimeliona. Nikammiminia chai, akanywa.

Kisha akauliza, bila kunitazama, nikipata nafasi nitapanga ngapi. Nikamwambia. Machimboni na kurudi.

Kakirudisha kikombe.

"Kwani lazima tungoje mwakani?"

Kasimama, kaupa mstari mgongo, uso upande wa machimbo. Kinyozi anapiga kelele kwamba njia ni huku. Hakuna anayemsikiliza. Jua limeshapanda na mimi tumbo limejaa chai, lakini miguu inawasha. Wifi kainama, anafunga kamba za viatu. Cha kulia tayari. Cha kushoto —