Kandambili ya Baba Inatoa Umeme

Mwenzangu, uko? Usicheke kwanza.

Shemeji yako leo kaja kumwonyesha mama kazi yake ya maabara. Ile ya kuvuna umeme kwenye jani linapojipikia chakula kwa mwanga. Kabeba mita, nyaya na ule ute wake wa chumvi wa kubandikia nyaya.

Kaenda moja kwa moja kwenye ua la pembeni ya kochi. Kabandika nyaya kwenye jani, kawasha taa. Sindano ya mita ikapanda. Kazima, ikashuka. "Mama, unaona? Linakula mwanga hilo!"

Mama akamwambia taratibu, "Mkwe wangu, hilo la plastiki. Nimetoka kulifuta vumbi kwa kitambaa kibichi."

La plastiki, mwenzangu.

Shemeji yako kaenda bafuni, karudi na kandambili ya baba inachuruzika maji. Kabandika nyaya, kawasha taa. Sindano ikapanda. Kazima. Ikashuka.

Kandambili.

Miaka yote anahangaika na mchicha, kumbe ni nyaya zenyewe zinapata joto la taa na kupandisha sindano. Na Jumatatu anatetea tasnifu.

Sasa tuko kwenye gari, kanywea kama kuku aliyenyeshewa. Mama kamfungia kandambili zote mbili kwenye mfuko. Kasema, "Wakibisha Jumatatu, wape na ya kushoto."